Kidole Gumba cha Mbega

Mtaa wa Tena, Nairobi, kwenye benchi langu

Tangu nirudi, kila anayenikuta njiani hapa mtaani Tena ananiuliza swali lile lile: "Baba Ndinda, anacho au hana?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, tena mnanikatiza kabla sijafika Nakuru. Kwa hivyo nimeandika. Someni kwa utaratibu, na ukimaliza mpe jirani.

Kwa waliohamia majuzi, mimi ni Mutiso, karani mstaafu wa masijala. Nimetunza mafaili maisha yangu yote ya kazi, na mafaili yamenifunza kwamba jambo lisilo na karatasi halikutokea. Siku ya kuniaga, wenzangu ofisini walinipa kamera badala ya saa ya ukutani, na tangu hapo nimewapiga picha karibu nyote, kwenye ubatizo, harusi, na hata siku ile sofa ya Mama Wanjiru ilipofika. Masharti yenu mnayajua. Mtu wa Tena hataki picha iliyomkata miguu. Viatu amevipaka rangi tangu asubuhi, lazima vionekane. Ndiyo maana nina mazoea ya kurudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, hadi mtu aingie mzima kuanzia kofia hadi kisigino. Yakumbukeni mazoea hayo, maana ndiyo yaliyoniponza.

Kilonzo mnamjua. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mchongaji wa vinyago. Ananiita mutui, kama sisi Wakamba tunavyomwita jirani, na kila saa kumi jioni alikuwa akija kunywa chai kwenye benchi langu kwa kikombe chake mwenyewe, kile chenye mpini uliovunjika. Amechonga mbega tangu ujana wake. Mbega ni yule kima mweusi mwenye manyoya marefu meupe, anayeonekana kama mama mkwe aliyejitanda shali. Kilonzo alifundishwa kumchonga na mjomba wake, mjomba alifundishwa na mtu mwingine, na katika msururu huo wote hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mbega kwa macho.

Basi siku moja nikasoma kwenye kitabu cha maktaba kwamba mbega hana kidole gumba. Nikamwambia Kilonzo tukinywa chai. Mimi nilidhani ninampa maarifa, kumbe nimemtukania mjomba.

"Mbega wangu wana vidole vitano kila mkono," alisema. "Wamekaa kwenye meza za watu hadi ng'ambo. Hakuna aliyewarudisha."

"Walionunua hawajui."

"Na wewe unajua? Ulimwona wapi, ndani ya faili?"

Mliokuwa hapo benchini mlicheka. Nawakumbuka waliocheka. Ndipo nikasimama na kutamka yale maneno: nitaleta picha ya mkono wa mbega, na nikiikosa nitasema mbele ya watu wote, "Nilikosea," kisha nitanunua mbuzi soko la Kiamaiko tule. Kilonzo naye akaapa vivyo hivyo, kwamba picha ikija atasema yeye. Nyinyi mnatujua sisi wawili. Neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwa yeyote kati yetu. Hata kanisani tunasema "tumekosa" kwa sababu tuko wengi.

Kilonzo akamimina chai iliyobaki chini, akachukua kikombe chake, akaenda nacho kwake. Kwa wiki tatu hakukanyaga kwangu. Sikumwambia mtu, ila naandika sasa: chai ya peke yangu ilinishinda kunywa.

"Mzee mzima unakwenda kutafuta kidole cha kima," alisema mke wangu, Mama Ndinda, akinifungia shati kwenye mkoba. "Kilonzo yuko hapo ukutani. Si umpigie hodi tu?"

Nikamwambia hodi si ushahidi.

Nairobi hadi Timboroa

Nilibeba filamu mbili, kila moja ya picha thelathini na sita. Nilipanda basi la asubuhi la kwenda Kakamega, nikapata kiti nyuma ya dereva. Kamera nilikuwa nimeitundika shingoni, na hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza.

"Mzee, hiyo mashine ni yako ama umebebea mtu?" dereva aliuliza tulipopita Naivasha. Alikuwa mtu wa tumbo la heshima, amevaa jaketi jipya.

"Ni yangu."

Aliendelea kuendesha hadi Timboroa, kule juu milimani. Hapo, kwenye baridi ile ya kuuma masikio, akaegesha basi kando ya barabara na kuzima injini. Abiria tukaguna, tukidhani limeharibika. Dereva akashuka, akatoa kitambaa, akapangusa basi usoni kama anayemwosha mtoto pua, akaweka mguu mmoja kwenye bamba la mbele na kukunja mikono.

"Haya mzee, nipige. Lakini basi lote liingie. Usiache hata gurudumu."

Basi ni refu. Nilirudi nyuma hatua tano, hatua kumi, nikavuka mtaro, na nilipokuwa nikiinua kamera nikaporomoka chali ndani ya shamba la viazi. Mwenye shamba, mama mmoja mwenye sauti, akatoka mbio na jembe akidhani nimekuja kumchimbia viazi. Alipoiona kamera alirudi ndani, na alipotoka tena alikuwa amebadilisha kilemba.

Hapo mambo yakaharibika. Nilimpiga dereva, nikampiga mama na jembe lake, kisha kila abiria akataka kusimama mbele ya basi. Kulikuwa na mhubiri mmoja aliyelalamika tangu mwanzo kwamba tunamchelewesha kwenye mkutano wa Injili. Huyo alisimama mara tatu: na Biblia, bila Biblia, na mara ya mwisho akiwa ameshika usukani. Mama akatuletea sufuria ya viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye gazeti, tukala tumesimama, mvuke ukitutoka midomoni. Sijawahi kula viazi vyenye utamu ule, lakini tulipoondoka nilikuwa nimemaliza karibu nusu ya filamu ya kwanza na sijaona hata kunguru.

Kakamega, nyumbani kwa Shivachi

Shivachi alikuwa dereva wa gari la ofisi yetu. Alipostaafu alirudi kwao, kando ya msitu wa Kakamega. Alinipokea kwa salamu ya kwao, "Mulembe!" kubwa ya kusikika hadi barabarani, na kabla sijavua viatu nikasikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba.

Chakula kilipoletwa, ugali mkubwa na kuku wa mchuzi, firigisi iliwekwa mbele yangu peke yake kwenye kisahani. Mimi nikaona huyu mama amehangaika jikoni, ni haki nimheshimu. Nikachukua kisahani, nikampa mke wa Shivachi kwa mikono miwili.

Nyumba nzima ikageuka kunitazama. Mama wa watu alikishika kisahani kama mtu aliyepewa nyoka.

"Mutiso," Shivachi aliniambia polepole, "hiyo ni ya mgeni wa heshima. Ukimpa mke wangu, hapa kijijini watanisema hadi mwakani."

Nikakirudisha, nikala firigisi huku macho kumi na sita yakihesabu ninavyotafuna. Kesho yake nilialikwa nyumba tatu, nikala firigisi tatu, na hakuna aliyenipa paja.

Lakini lililoniua si firigisi. Asubuhi ya pili nilitoka nje nikiwa na koti langu la ofisini, kamera shingoni na daftari mkononi, nikakuta foleni. Watu walikuwa wamejipanga kuanzia mlangoni kwa Shivachi hadi kwenye mgomba wa mbali, wamechana nywele, wamevaa nguo za kanisani. Mzee wa kijiji alikuwa ameniona jana yake na kutangaza kwamba mtu wa serikali wa picha za kipande, yaani kitambulisho, amefika kutoka Nairobi.

Nikapanda juu ya kigoda, nikaeleza kwa Kiswahili sanifu kwamba mimi si mtu wa serikali tena, nimekuja kupiga picha mbega. Bibi mmoja mkongwe aliyekuwa mbele kabisa alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Umetoka Nairobi," alisema, "umepita watu wote hawa, unakwenda kupiga picha kima?"

Nimejibu barua za makatibu wakuu, ndugu zangu, lakini bibi yule nilimjibu kwa kamera. Nikashuka, nikampiga. Nikarudi nyuma miguu iingie, nikakanyaga mavi mabichi ya ng'ombe, watu wakashangilia. Filamu ya kwanza iliisha kabla ya saa nne. Ya pili niliifunga kwenye soksi na kuificha chini ya mto.

Msituni

Msitu ule ni mrefu. Naandika hivyo kwa sababu sisi wa Eastlands, huku Nairobi, tukisema mti tunamaanisha kitu unachoweza kufikia nguo zako zikipeperuka juu yake. Hapa unainua kichwa, unaendelea kuinua, kofia inaanguka, na bado mti haujafika mwisho. Ndani kuna giza la kijani na harufu ya majani yaliyooza, na kila alasiri mvua inashuka kama mtu aliyepasua pipa.

Mbega walikuwako. Shivachi alinionyesha kundi zima siku ya kwanza. Kasoro ni kwamba walikuwa juu kabisa na sisi chini kabisa, na kiumbe ukimtazama kutoka chini unaona matako. Nilipiga matako. Nilipiga mikia. Nilipiga tawi ambalo mbega alikuwa ameliacha muda si mrefu. Siku ya pili siafu walipanda ndani ya suruali yangu, nikaivua hapo hapo, na Shivachi, rafiki gani huyu, akaomba kamera anipige mimi. Alinipiga nne.

Siku ya tatu mbega mmoja dume alishuka hadi tawi la katikati, akakaa, akanitazama. Nikainua kamera, nikiomba anyooshe mkono. Alinikojolea. Na kwa unyofu wa karani naandika kwamba alilenga.

Nilibaki na picha moja. Duka la picha la Kakamega mjini lilikuwa na filamu za kamera za sanduku tu, zisizoingia kwenye yangu. Nilikaa kitandani kwa Shivachi nikiwa nimelowa, shingo imekakamaa, nikamfikiria Kilonzo upande wa pili wa ukuta akichonga vidole vyake vitano kwa amani. Nilimkasirikia, halafu nikaona kwamba ninamkosa. Ningetoa kamera yenyewe ili nimsimulie habari ya yule mbega aliyelenga.

"Nenda Saiwa," Shivachi alisema. "Kinamasi cha huko Kitale. Miti ya ukingoni ni mifupi, halafu wamejenga majukwaa ya mbao. Utakuwa juu kama wao."

Saiwa

Nilifika Kitale Jumapili, maduka yamefungwa. Nikaendelea hadi Saiwa na ile picha yangu moja, nikalala hapo hadi alfajiri.

Askari wa hifadhi aliyepewa kunitembeza aliitwa Wekesa, mtu mzima mpole, sare yake imenyooka kwa pasi na buti zinang'aa kuliko za harusi. Njiani aliitazama kamera, akasita, akasema, "Mzee, naomba unipige moja nimtumie mama. Hajawahi kuniona na sare."

"Nina moja tu," nikamwambia. "Ni ya mbega."

Alisema "Sawa, mzee" na hakuniomba tena. Tulitembea juu ya njia ya mbao iliyopita katikati ya matete, yeye mbele, na kila hatua niliona haya. Mtu ameniomba kitu kidogo kwa ajili ya mama yake, nami nimekihifadhi kwa ajili ya kima.

Asubuhi ile nilimwona nzohe. Ni swala wa majini, alisimama ndani ya kinamasi, maji yamemfika kifuani, anakula matete bila haraka yoyote. Ukungu ulikuwa unaondoka, naye akanyanyua uso wenye madoa meupe, akatutazama. Sikumpiga, nilikuwa nimebana matumizi. Nilisimama tu nikimwangalia hadi machozi yakanilengalenga, na sijui kwa nini. Labda ilikuwa mara ya kwanza safari ile nzima kukitazama kitu bila kukitafutia ushahidi.

Saa nne hivi tulikuwa kwenye njia ya mbao chini ya mti wa ukingoni. Wekesa akanigusa bega. Mbega mmoja, jike, alishuka tawi kwa tawi hadi kwenye reli ya njia, akakaa, akaweka mkono juu ya mbao. Hapo, kama kutoka benchi hili hadi mlango wangu wa jikoni! Nikauona mkono wote. Vidole vinne virefu vyeusi, na pale pa kidole gumba kulikuwa na kinundu tu, kama mahali pa kifungo kilichong'oka.

Nikainua kamera. Mkono ulikuwa mbele yangu, kazi ilikuwa kubonyeza tu. Lakini ndani ya kioo nikaona mkia umekatika. Ule mkia wote mzuri mweupe uko nje ya picha! Na mimi ni nani nimkate mtu mkia? Miguu yangu yenyewe ikarudi nyuma hatua moja. Kisha ya pili.

Sasa, popote uendapo Kenya hii, mpiga picha akirudi nyuma mtu anajua zamu yake imefika. Wekesa alidhani moyo wangu umelainika. Akaingia katikati, akasimama wima, akabana mikono mapajani na kutabasamu. Kidole changu kikabonyeza. Hatua yangu ya tatu haikukuta mbao, nikazama kwenye tope hadi mapajani, kamera nimeiinua juu ya kichwa.

Mbega alishaondoka. Wekesa alinivuta kwa mikono miwili, machozi yamemjaa kwa furaha.

"Asante sana, mzee. Mungu akubariki. Buti zimeingia?"

Nilimtazama. Nilitaka kulia, nikajikuta ninacheka.

"Zimeingia," nikasema. "Zote mbili."

Nilipomweleza kisa cha Kilonzo alishangaa kabisa. "Kidole gumba? Mbega hana, mzee. Ungeandika barua tu ningekujibu." Angeniandikia hata cheti. Lakini mbele yenu niliahidi picha, sikuahidi cheti, na karani habadilishi faili kwa sababu limemwumiza.

Kiamaiko

Nilirudi Alhamisi. Ijumaa nikapeleka filamu mjini zisafishwe, nikasubiri picha. Ile ya mwisho ndiyo safi kuliko zote: Wekesa mzima, vifungo vinaonekana kimoja kimoja, buti zinang'aa, na nyuma ya sikio lake ncha ya mkia mweupe. Niliipeleka posta siku hiyo hiyo, kwa anwani ya mama yake.

Mama Ndinda alicheka hadi akashika meza. Kisha akaniambia kwamba Kilonzo alikuwa akija ukutani kila jioni kuuliza kama kuna barua. Redio iliposema mvua kubwa magharibi, aliuliza mara mbili.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Kiamaiko kutimiza ahadi. Katikati ya kelele na vumbi na mbuzi, nikamwona Kilonzo. Alikuwa ameshika kamba, na upande wa pili wa kamba alikuwa mbuzi mweusi.

"Huyo wa nini?" nikamuuliza. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake baada ya wiki zote zile.

"Nimeshindwa," alisema. "Nilikosea. Mbega hana kidole gumba."

"Huwezi kushindwa. Sina picha. Nilikosea mimi. Anacho."

"Hana!"

"Picha iko wapi? Bila picha anacho!"

"Mutiso, usinipandishe hasira. Nimesema hana!"

Watu walianza kujaa. Muuza mbuzi alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Wazee, si kila mtu abebe wake, stori iishe?" alisema, na huku ameshanifungia wangu kamba.

Ndipo Kilonzo akatia mkono mfukoni, akatoa kibiriti, akakisukuma wazi kwa kidole. Ndani hakukuwa na njiti. Kulikuwa na vipande vidogo vya mti, vimejikunja, laini, kila kimoja na ukucha wake. Vilikuwa vidole gumba. Alikuwa amewakata mbega wote waliokuwa kwenye karakana yake.

"Kilonzo! Umekata kitu ambacho hukukiona?"

"Nilikuona wewe," alisema, akitazama mbuzi. "Ukienda kupanda basi na lile koti. Mtu anayeacha kitanda chake na kwenda kunyeshewa porini kwa ajili ya kidole hasemi uongo, mutui. Mjomba ndiye hakujua."

Nilikipokea kile kibiriti. Nilimshika mkono, mbuzi wakatuzungusha kamba miguuni, na muuza mbuzi akatufungua.

Kwa hivyo mnaouliza nani alishinda, jibu mnalo tumboni. Mlikula mbuzi wawili, na supu ikalala hadi Jumapili. Kibiriti nimekiweka kwenye faili lake, nikakiandikia nambari. Na anayetaka kujua kama anacho au hana, aje kwangu saa kumi atuulize sote wawili. Mimi nitasema anacho, Kilonzo atasema hana, na hatujaanza kukubaliana. Kikombe chenye mpini uliovunjika kimerudi kwetu.